Foleni ya barafu na tanki la profesa

Simamisha kipande cha plastiki wima ndani ya tanki la maji. Kiwe chembamba, kimo chake sentimita 10 hivi, na kiwe cha poliethilini, plastiki ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana sana na wa barafu. Kishikilie kitulie, kisha kiachie. Hakisimami. Kinasitasita, kinainama upande mmoja, halafu kinajiachia chote, na kabla hujasema lolote kimeshalala ubavu kikielea kwa raha zake huku mawimbi yakigonga kuta za tanki na kurudi. Ukiondoa kule kusitasita kwa mwanzo, shughuli yote imechukua kama sekunde moja.

Asiyejua atadhani ni mchezo wa mtoto anayeogeshwa. Lakini majaribio ya aina hii yalifanyika Chuo Kikuu cha Chicago, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Miongoni mwa waliohusika walikuwa Douglas MacAyeal, mtaalamu wa barafu wa miaka mingi, na Justin Burton, ambaye leo ni profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta. Burton hakuingia kwenye barafu kwa mlango wa jiolojia wala wa hali ya hewa. Fani yake ni maada laini: matone, povu, chembechembe, vitu ambavyo watu wengi hawajui kabisa kwamba vina wanafizikia wake.

Ninachotaka kusema ni kwamba swali gumu kuliko yote kuhusu kupanda kwa bahari, kwa maoni yangu, si swali la hali ya hewa. Ni swali la maada. Barafu huvunjikaje, na vipande vyake vikishavunjika husongana vipi? Kwa swali hilo, watu waliozoea mchanga na matone wana mengi ya kutueleza kuliko nafasi wanayopewa.

Tuanze na lile tanki. Kwa nini kipande cha sentimita 10 kiwe na haki ya kusema lolote juu ya jabali la barafu la kilomita moja? Kwa sababu kinachovipindua vyote viwili ni kitu kimoja: mvutano wa dunia ukishindana na maji yanayobeba. Mvutano unapokuwa ndiyo msimamizi, muda wa tukio hukua kwa kipeuo cha pili cha kimo. Zidisha kimo mara 10,000, na muda unazidi mara 100 tu. Sekunde moja ya tankini inakuwa dakika moja na sekunde 40 baharini, na kweli majabali makubwa yanayomeguka Greenland hupinduka kwa muda wa dakika chache. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Inahitaji mtu aliyejiuliza ni nguvu ipi inaendesha mambo na ipi ni abiria.

Nishati nayo ina habari yake. Chukua jabali lenye kimo cha mita 800, unene wa mita 200 na urefu wa kilomita 2 kando ya ukingo lilikomegukia. Hizo ni mita za ujazo milioni 320. Barafu ina kilo 917 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tunazungumzia karibu tani milioni 293. Likiwa limesimama kwenye ule upande wake mwembamba, liko kama kitabu kilichosimamishwa mezani. Likilala, kitovu cha uzito wake kinapanda, lakini maji nayo yanashuka kujaza nafasi liliyoiacha chini, hivyo ukitoa hiki kwenye kile, kinachobaki ni kana kwamba tani hizo zote zimeanguka mita 32. Zidisha, utapata takribani jouli trilioni 90. Bomu lililoangushwa Hiroshima hukadiriwa kuwa lilitoa jouli trilioni 63.

Nakiri sipendi sana ulinganisho wa mabomu, maana waandishi wa habari za sayansi wameuchosha. Hapa nauweka kwa sababu ya tofauti iliyopo. Bomu humaliza kazi yake kwa kufumba na kufumbua, ilhali jabali la barafu hutoa nishati hiyo kwa dakika kadhaa, na sehemu kubwa huishia kukoroga maji tu. Kwa hiyo huwezi kuusikia mlipuko. Unachoweza kupata, ukiwa na vyombo vinavyofaa, ni mguno.

Na mguno huo ulisikika muda mrefu kabla watu hawajaelewa unatoka wapi. Mwaka 2003, Göran Ekström, Meredith Nettles na Geoffrey Abers walitangaza kwamba kwenye kumbukumbu za vituo vya kupima matetemeko kulikuwa na mitetemo isiyofanana na matetemeko ya kawaida, yenye ukubwa wa kama 5 kwenye kipimo, na mingi ilitoka kandokando ya Greenland. Tetemeko la kawaida la ukubwa huo hukamilika kwa sekunde chache. Haya yalivuta sekunde 30, 60 na hata zaidi, na kwa kuwa mitambo ilikuwa imezoeshwa kusikiliza mitetemo ya haraka, yalipita bila kuonekana. Dhana ya mwanzo ilikuwa kwamba barafuto nzima (huo mto wa barafu unaoteremka taratibu kutoka bara kwenda baharini) huteleza ghafla kama gari lililokosa breki. Dhana nzuri, yenye mantiki, na haikuwa sahihi.

Ukweli ulipatikana kwa kukutanisha watu wa barafuni na watu wa tankini. Timu iliyoongozwa na Tavi Murray wa Chuo Kikuu cha Swansea ilitandaza vipokezi vya GPS juu ya barafuto ya Helheim, mashariki mwa Greenland, karibu kabisa na ukingo unaomeguka. Barafuto hiyo kwa siku za kawaida husonga mbele kuelekea baharini. Vipande vikubwa vilipomeguka, vipokezi vilionyesha jambo la ajabu: kwa dakika chache ukingo wa barafuto ulirudi nyuma, na papo hapo ukadidimia kidogo. Kurudi nyuma kunaeleweka, kwani jabali linapopinduka hujisukuma kwa kuegemea ukuta liliotoka. Kudidimia ndiko kulikosumbua vichwa. Jibu lilitoka kwenye modeli ya tankini: kipande kinapozunguka, nyuma yake shinikizo la maji linashuka, na hapo ukingo wa barafuto unavutwa chini huku sakafu ya bahari ikipunguziwa mzigo na kuinuka. Mtetemo uliosafiri mpaka upande wa pili wa dunia ulikuwa alama ya kidole cha kipande kinachojigeuza majini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na Burton alikuwa mmoja wa waandishi.

Kuna watu wataona kazi ya tanki hapo ilikuwa ndogo, kuthibitisha tu. Mimi naona kinyume. GPS ilitoa takwimu zisizo na maelezo; plastiki ndiyo iliyotoa maelezo.

Sasa hii maada laini ni nini hasa? Shuleni tulifundishwa mango, kimiminika na gesi, tukaambiwa mchezo umekwisha. Lakini povu liingie wapi? Na jeli, matope, rangi ya ukuta, mchanga? Mchanga unaoukanyaga ni mango. Huohuo ukiumimina kwenye chupa unatiririka. Ukiuziba kidogo tu mdomoni mwa chupa unagoma kabisa. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alipopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991, hotuba yake aliipa jina la maada laini, na tangu hapo fani hiyo ikapata heshima ya kuitwa fani. Walio ndani yake wana tabia moja inayowatofautisha: hawaoni aibu kutazama kitu cha kawaida. Maabara ya Burton, kwa mfano, imetumia muda mwingi kutazama tone la maji likicheza juu ya chuma cha moto sana, lile tone ambalo haliungui kwa sababu limekalia godoro la mvuke wake lenyewe, kama Johann Gottlob Leidenfrost alivyoeleza mwaka 1756. Walionyesha kwamba tone kubwa kiasi huanza kujipinda lenyewe na kuwa na umbo la nyota, yenye ncha 2, 3, 4, mpaka 13. Halina faida ya haraka kwa mtu yeyote. Ila jicho lililozoea kuuliza kwa nini tone lina ncha tano na si sita ndilo jicho hilohilo lililouliza kwa nini ukingo wa Helheim ulididimia.

Barafu yenyewe ina tabia mbili. Ipige nyundo, inapasuka kama kioo. Iwekee mzigo na uondoke, ukirudi baada ya mwaka imejikunja. Ni ngumu kwa mwenye haraka na laini kwa mwenye subira. Upande wa subira tunaufahamu vizuri kiasi. Katika miaka ya 1950, John Glen alibana vipande vya barafu maabarani Cambridge akapima kasi ya kubonyea kwake, na kanuni aliyoipata bado ndiyo inayobeba karibu modeli zote za barafu za leo. Asali ukiisukuma kwa nguvu maradufu, inatiririka kwa kasi maradufu. Barafu ukiikaza maradufu, inatiririka mara nane, kwa kuwa kipeo chake ni 3. Hata hapo pana ubishi: uchambuzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya barafu inayoelea pembezoni mwa Antaktika ulielekea kwenye kipeo cha 4, yaani mara kumi na sita badala ya nane. Pengo hilo si dogo kwa mtu anayetabiri karne nzima.

Upande wa haraka, wa kupasuka, ndio wenye giza. Mwaka 2002, barafu iliyoelea ya Larsen B kwenye rasi ya Antaktika, eneo la kama kilomita za mraba 3,250, ilisambaratika kwa muda wa wiki tano hivi. Kanuni ya Glen haina hata sentensi moja ya kueleza hilo. MacAyeal na wenzake walipendekeza mwaka 2003 kwamba maji yaliyoyeyuka juu yalipanua nyufa mpaka chini, vipande vyembamba virefu vikapatikana, kila kimoja kikapinduka na kumsukuma jirani yake. Yaani kile kipande chetu cha plastiki, mara elfu, kwa pamoja.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Huko kaskazini vinavyoelea vimemeguka, na baada ya kumeguka haviendi mbali. Hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana ndiyo sehemu ya utafiti wa Burton inayonivutia kuliko zote, na ndiyo inayopigwa picha mara chache zaidi.

Mbele ya barafuto kubwa za Greenland kuna hori ndefu nyembamba, zenye kuta za miamba pande zote mbili. Majabali yanayomeguka hayapati njia ya kutoka kwa urahisi. Yanabanana: makubwa yenye upana wa mamia ya mita, madogo ya ukubwa wa nyumba, na katikati yake unga wa barafu na barafu ya bahari. Wataalamu huuita mkusanyiko huo melanji, kwa neno la Kifaransa la mchanganyiko. Kiswahili kina neno ambalo lingewafaa zaidi. Msongamano kwetu ni kiasi cha maada kilichoshindiliwa kwenye ujazo, na msongamano ni magari yasiyosogea barabarani. Melanji ni msongamano kwa maana zote mbili.

Swali ni kama foleni hiyo ina nguvu yoyote. Ukitazama kutoka juu, ni takataka tu zinazoelea. Barafuto nyuma yake ina unene wa karibu kilomita moja. Takataka zitaizuia nini? Watu wa maada ya chembechembe walikuwa na sababu ya kutokubali haraka, na sababu hiyo ni ya mwaka 1895. Mhandisi Mjerumani, H. A. Janssen, alipima uzito unaofika chini ya kihenge cha nafaka, akaona kwamba ukishajaza kiasi fulani, hata ukiongeza nafaka nyingine, mzigo wa chini hauongezeki. Nafaka zinaegemeana, zinajipanga kwenye minyororo ya kani inayokwenda pembeni, na kuta ndizo zinazobeba kilichobaki kwa msuguano.

Sasa kilaze kihenge ubavu. Jaza mchanga mkavu kwenye bomba refu jembamba, kisha usukume kwa kijiti kutoka upande mmoja. Sentimita chache za mchanga zitasogea. Ongeza urefu wa mchanga, utashangaa jinsi ugumu unavyopanda: hauongezeki kwa hatua sawasawa, unajizidisha. Kila chembe inayosukumwa mbele inasukuma pembeni pia, ukuta unaikamata, na kadiri unavyokazana kusukuma ndivyo unavyokazwa. Kijiti ni barafuto, bomba ni hori, mchanga ni majabali. Mwaka 2018, Burton, Jason Amundson na wenzao walichapisha kazi waliyoiita uchunguzi wa maada ya chembechembe kubwa kuliko zote duniani. Waliunganisha rada iliyowekwa nchi kavu kando ya hori, tanki lenye vipande vya plastiki, na uigaji wa kompyuta. Kwenye utulivu, melanji husonga kama zulia moja linalovutwa, ikichanika kandokando tu, pale minyororo ya kani inapoishia ukutani. Na kani inayorudi kwenye uso wa barafuto hukua kwa namna ileile ya kujizidisha kadiri urefu wa melanji unavyozidi upana wa hori. Inaweza kupita newtoni milioni 10 kwa kila mita ya upana. Hiyo ni kama kuegemeza uzito wa tani 1,000 kwenye kila mita ya ukuta wa barafu.

Je, tani 1,000 kwa mita zinatosha kuzuia barafuto? Kuizuia isitiririke, hapana. Kuzuia kipande kisipinduke, ndiyo. Rudi kwenye plastiki yako: kumbuka kule kusitasita. Kipande kinapoanza kuinama, nguvu inayokipindua ni ndogo mno, na kidole kimoja kinakirudisha. Kikishafika nusu ya njia, hata mkono mzima hauna la kufanya. Foleni ya barafu ni kidole hicho. Haihitaji ubabe, inahitaji kuwepo mapema.

Kuna ushahidi wa barafuni kwamba hili si hekaya ya tanki. Jakobshavn ya magharibi mwa Greenland, ambayo wenyeji huiita Sermeq Kujalleq, ni miongoni mwa barafuto zenye kasi kubwa kuliko zote. Majira ya joto ya 2012 ilifikia mwendo ambao ukiuendeleza mwaka mzima ungepita kilomita 17. Kuanzia 2016 hivi ikapunguza mwendo, ikaongezeka unene, ukingo wake ukasogea mbele tena, na kila mtu akashangaa. Maji ya bahari pale mbele yalikuwa yamepoa. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba maji baridi yaliyeyusha kidogo uso wa barafu chini ya maji. Ian Joughin na wenzake, mwaka 2020, waliangalia rekodi ya miaka kumi wakatoa maelezo mengine: joto la bahari lilifanya kazi kupitia ugumu wa melanji. Maji yakipoa, foleni inakaza na kukaa muda mrefu, na vipande havimeguki. Yakipata joto, foleni inalegea.

Kisha mwaka 2021 likaja jambo lililonifanya nisome mara mbili. Ryan Cassotto, Burton na wenzao walichambua vipimo vya rada iliyokuwa ikipiga picha ya melanji ya Jakobshavn kila baada ya dakika 3. Kwa kawaida zulia lile husogea kwa pamoja. Ila takribani saa moja kabla ya mmeguko mkubwa, mwendo wa chembe ukaanza kukosa mpangilio: hii inakwenda huku, jirani yake kule. Foleni ilifumuka kwanza, ndipo ukuta ukaanguka. Tulizoea kufikiri ukuta ndio mtendaji na takataka za mbele ni mashahidi. Kumbe mashahidi waliondoka kwanza.

Tuyapeleke haya kwenye meza za wanaopanga miji ya pwani. Ripoti ya jopo la kimataifa la hali ya hewa, IPCC, ya mwaka 2021 inasema kwamba gesi joto zikiendelea kumwagwa kwa wingi, bahari yaelekea itapanda kati ya sentimita 63 na mita 1.01 ifikapo 2100. Halafu inaongeza kwamba kupanda kwa karibu mita 2 hakuwezi kuondolewa kwenye hesabu. Tofauti kati ya mita moja na mita mbili ni tofauti kati ya kuinua ukuta na kuhama. Na inatoka wapi tofauti hiyo? Haitoki kwenye ubishi kuhusu hewa ukaa. Inatoka kwenye kutojua barafu itakavyovunjika. Mwaka 2016, Robert DeConto na David Pollard waliweka kwenye modeli wazo kwamba magenge ya barafu marefu kupita mita 100 hivi juu ya maji huanguka kwa uzito wake yenyewe, moja baada ya jingine, na Antaktika peke yake ikatoa zaidi ya mita moja kufikia 2100. Mwaka 2024, Mathieu Morlighem na wenzake walitumia modeli nyingine kwa barafuto ya Thwaites, hukohuko Antaktika, wakakuta kwamba mporomoko wa namna hiyo hauelekei kutokea karne hii. Hawa wote ni watu makini. Wanagombana juu ya ufa.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na wanaogawa fedha za utafiti. Safari za meli, setilaiti na kompyuta kubwa hupata fedha, na zistahili kupata. Lakini tanki la maji lenye plastiki linaonekana kama utani kwenye ombi la ruzuku, na mwanafizikia anayetaka kulijenga anaambiwa na wenzake wa fizikia kwamba hiyo ni jiolojia, na wanajiolojia wanamwambia hiyo ni fizikia. Anabaki mlangoni. Kwa bei ya siku chache za meli ya kuvunja barafu, tanki linafanya kazi miaka mingi.

Lakini nisije nikalipa tanki sifa lisizostahili. Sheria ile ya kipeuo cha pili inashika kwa mvutano wa dunia tu. Ukishaleta mambo mengine, udogo unadanganya. Kwenye tanki, mvutano wa uso wa maji unaweza kuvuta vipande vidogo vikashikana, jambo ambalo halina maana yoyote kwa jabali la mita 300. Mtiririko wa maji kuzunguka kipande kidogo hauna vurugu kama ule wa baharini. Plastiki haigandi: wakati wa baridi barafu ya bahari huingia katikati ya majabali na kuyagundisha kama saruji, na nguvu ya melanji ya Januari si ile ya Julai. Halafu kuna kasoro kubwa kuliko hizo. Plastiki haivunjiki. Tanki linaanza hadithi baada ya ufa kushamaliza kazi, na ufa ndio uliotuleta hapa.

Wapo pia wanaotaka kuruka hatua. Mwaka 2018, John Moore na wenzake walipendekeza hadharani kujengwa kwa tuta chini ya maji mbele ya Jakobshavn, kuzuia maji ya vuguvugu yasifike kwenye barafu. Sidhani ni wazo la kuchekwa, lakini naona haraka ndani yake. Tuta linalobadilisha joto la maji linabadilisha melanji pia, na melanji kwa mujibu wa yote niliyoeleza ndiyo inayoshika ufunguo. Hakuna anayeweza leo kusema kwa uhakika foleni hiyo itakaza au itakwama mahali pasipofaa.

Kwangu mimi swali linalofuata ni hili. Barafuto inayomeguka sana inajitengenezea foleni yake yenyewe, kwa hiyo kwa nadharia inaweza kujifunga breki. Ila foleni hiyo iko ndani ya maji yanayoyeyusha. Kipande chenye nusu ya upana kina uso maradufu kwa kila tani yake, hivyo kinayeyuka upesi zaidi. Mmeguko unaotoa majabali makubwa unajenga breki ya miezi, na unaotoa vipande vidogo unajenga breki ya siku chache. Kwa hiyo yote yanategemea ufa unaamua vipi ukubwa wa vipande. Barafuni, ufa huamua wenyewe. Tankini, vipande hivyo hukatwa na mtafiti kabla jaribio halijaanza.